Jina la Kuingilia Skuli

Machimboni, Manda
Jumamosi, 9 Novemba 1991

Leo ni miezi minane na siku tano tangu nilipoondoka Darakasi.

Kwa mke wangu Zakiya,

Mimi mzima na watoto wazima. Nimeanza na hilo ili mengine uyasome ukiwa umetulia. Mwandiko utauvumilia, kwa maana vidole vyangu siku hizi havikunji vizuri. Mtu aliyezoea kuchonga mbao za mashua akishika shoka la kukatia mawe, mikono humkasirikia.

Uliniagiza nikuambie kweli hata ikiwa chungu. Kweli ni kwamba watoto hawajaingia skuli.

Jumatatu nilivuka nao ng'ambo, Lamu, kumwona mwalimu mkuu. Tima alivaa lile gauni ulilolirefusha pindo, na Ibtisam nilimsugua miguu mpaka akalia. Mwalimu si mtu mbaya. Alimpa Tima kitabu, Tima akasoma. Akampa hesabu, akazimaliza kabla mwalimu hajakaa vizuri kitini. Akasema, "Huyu Januari anaingia darasa la nne bila wasiwasi. Na huyu mdogo anaanza la kwanza. Vyeti vya kuzaliwa viko wapi?"

Nikamwambia watoto wamezaliwa Darakasi, kule ng'ambo ya mpaka, mkunga ni Bi Barke, nyanya yao mzaa mama. Akacheka, wala si kwa dharau. Akasema, "Bi Barke hatii muhuri, bwana." Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kuwa watoto wa wakimbizi skuli yao iko kambini Mombasa, na kwamba yeye hakuniona wala hakuniuliza ninapolala.

Nikienda kambini watoto watasoma, lakini mimi nitakaa nyuma ya uzio nile cha kupewa, na wewe ukivuka hutajua wapi pa kuniuliza. Nikibaki hapa nina kazi, na wao hawana skuli. Nimeligeuza jambo hili kila upande na bado lina ncha.

Usidhani ni wetu peke yao. Hapa machimboni kuna watoto kama thelathini. Baba zao ni Wagiriama, Wapokomo, na wengine wa bara huko, waliokuja kukata mawe kwa kuwa makwao hakuna kazi. Vipande vya kitambulisho wanavyo, vyeti wanavyo, lakini skuli iko ng'ambo ya maji, na chombo cha mwenye machimbo ni cha mawe, si cha watoto. Basi wanashinda juani wakiokota vipande vya mawe. Tima anawapikia watu wanane. Juzi nilimkuta amelishika shoka langu, analipima uzito. Nilimnyang'anya kwa ukali mpaka akaogopa.

Sasa sikiliza. Gharibu, yule mwana wa ami yangu wa Faza, alikuja kununua mawe akatukuta. Yeye ni Mbajuni wa upande huu, ana kipande. Aliposikia habari alisema, "Nipe hao wasichana niwaandikishe kwa jina langu, wakae kwangu wasome. Mimi na wewe babu mmoja. Nani atajua?" Watakuwa Tima Gharibu na Ibtisam Gharibu.

Nilimwambia nitakuuliza kwanza. Skuli zinafunguliwa wiki ya kwanza ya Januari. Nijibu wewe. Barua hii anaichukua nahodha Shuaibu, na atangoja jibu.

Mumeo,
Athmani Famau, baba Tima

*

Darakasi
Jumatano, 27 Novemba 1991

Kwa Baba Tima,

Nimesoma barua yako mara tatu, na jibu langu ni moja. Hapana.

Gharibu alikuwa wapi nilipokuwa na uchungu wa Tima siku mbili, na wewe unazunguka nyumba kama kuku aliyepoteza mayai? Mtoto haitwi kwa asiyekuwa babake. Hilo unalijua, hata kama katika chuo cha Kurani ulikuwa ukitoroka kwenda kuogelea. Na ukiacha dini, tazama dunia. Ukifikwa na jambo huko, Mungu apishe mbali, nani atawaoza wanangu? Gharibu. Akitaka kuwapa mtu nisiyemtaka, nitasimama na nini mbele ya kadhi? Yeye ana karatasi, mimi nina tumbo lililowazaa, na tumbo halina maandishi.

Simchukii Gharibu. Ni mtu mwema. Lakini wema wa mtu hauandikwi kwenye daftari. Linaloandikwa ni jina.

Huku hatujambo. Mama anakula uji asubuhi, kifua kinamsumbua, hawezi kukaa chomboni hata nusu saa. Watu wenye bunduki walikuja tena kutoka upande wa Kismayu. Walichukua mashine mbili za mashua na nyavu za jirani zetu kina Mwanalima, kisha wakapanda juu ya skuli wakang'oa mabati yote. Skuli yetu sasa ni kuta na jua. Hawakumgusa mtu. Nakuambia ili usisikie kwa wengine wakakuongezea chumvi.

Kwa hiyo kaka yangu Badi anakaa bure. Miaka kumi na miwili ya kufundisha, leo anapara samaki na wanawake, na hata kupara hajui. Nimefikiri hivi: kama watoto hawawezi kuifuata skuli, skuli na iwafuate. Mna mawe huko, au siyo? Jengeni chumba. Badi atakuja kufundisha, wetu na wa hao wenzako. Nimemwambia, naye ameanza kufuta vumbi vitabu vyake.

Jina la watoto liache lilipo.

Mkeo,
Zakiya

*

Machimboni, Manda
Jumapili, 15 Desemba 1991

Miezi tisa na siku kumi na moja tangu niondoke.

Kwa Zakiya,

Nimekutii. Nimemwambia Gharibu asubiri, naye akasema, "Mkeo ana akili kukushinda, lakini Januari haisubiri."

Ijumaa jioni baada ya kazi niliwakusanya wenzangu. Mimi si msemaji, unanijua. Nilisema tu kwamba nina shemeji mwalimu, na kwamba tunakata mawe ya nyumba za watu kutwa na hatujajikatia hata ya choo. Walicheka, na kicheko kikanisaidia. Kahindi, Mgiriama mmoja mwenye watoto watano, akauliza, "Huyo shemeji wako ni mwalimu kweli, au ni mwalimu wa kupara samaki?" Sijui nani alimwambia. Nadhani Shuaibu, ulimi wake hauna nanga.

Mwingine akasema, "Serikali haitaitambua skuli hiyo." Kahindi akamjibu, "Kwani wewe serikali imeshakutambua? Ilikuja lini kukutembelea?" Basi mambo yakaisha hapo. Tumekubaliana kila mtu atoe mawe kumi yaliyovunjika pembeni, yale yasiyouzwa. Mnyapara alikuja kuangalia, akauliza hili ni banda la nini. Nikamwambia la watoto. Akasema, "Msije mkawafundisha kunihesabia mawe," akaenda zake. Mwenye machimbo hakukataza. Kwake ni heri watoto wakae mahali pamoja kuliko kuzurura chini ya kuta tunazokata.

Kuta zimefika kifuani. Makuti tumeahidiwa. Tima amepaka mkaa na utomvu kwenye ubao wa sanduku, umekuwa mweusi vizuri. Ananiuliza kila siku, "Mjomba Badi anakuja lini?" Mimi namuuliza Shuaibu, Shuaibu anasema safari ijayo, na safari zake zinapita.

Kifua cha mama kinaendeleaje sasa? Shuaibu nilipomuuliza aliinamia kamba zake.

Athmani, baba Tima

*

Darakasi
Alhamisi, 2 Januari 1992

Kwa Baba Tima,

Badi ndiye huyo amekuletea barua hii. Mlishe, maana hula kidogo akiwa ugenini akijifanya mstaarabu. Ana vitabu kumi na vinne na chaki nusu sanduku, ndiyo yote iliyookoka. Kaskazi itawashusha haraka.

Kifua cha mama hakimsumbui tena. Usijitie hofu ya huku.

Nimempa Badi maneno ya Tima peke yake, ya mama na binti yake. Usichungulie. Anakua, na yapo ambayo baba haambiwi.

Utaniuliza kwa nini sikuja naye. Shuaibu hachukui wanawake siku hizi. Anasema akisimamishwa na wenye bunduki karibu na Ras Kiamboni atawajibu nini. Simlaumu.

Usiku wa kuamkia leo tulisikia milio ya bunduki upande wa Burgao. Asubuhi kukawa kimya, nikaenda kisimani kama kawaida.

Zakiya

*

Machimboni, Manda
Jumatatu, 20 Januari 1992

Miezi kumi na siku kumi na sita.

Kwa Zakiya,

Laiti ungekuwa hapa asubuhi ukasikia!

Tumefungua tarehe kumi na tatu. Watoto thelathini na wanne. Badi amesimama mbele yao na ile kanzu yake ya Ijumaa, huwezi kuamini ni yule anayekukera nyumbani. Mtoto akichelewa anamsimamisha mlangoni na kumuuliza, "Wewe mchu gani, jua linafika kabla yako?" Watoto, hata hao wa bara wanaosema "mtu", wamelidaka, sasa kila mmoja anamwita mwenzake "mchu gani wewe."

Mimi nakata mawe hatua kama mia kutoka hapo. Ninapoinua shoka nawasikia wakihesabu kwa pamoja, na nakuambia kweli, mgongo hauumi. Wanaimba hesabu mpaka wavuvi wanaopita mkondoni wanageuka kutazama. Ibtisam tayari anajua kujumlisha mpaka ishirini. Tima anawasaidia wadogo, Badi amemfanya kiranja.

Jana Kahindi alinijia anacheka huku amejishika kiuno. Alimkuta mwanawe anahesabu kuku: "Kow, laba, saddeh, afar." Akaniambia, "Athmani, ndugu yangu, mmemgeuza mwanangu Msomali. Nitamwozaje kwetu Kaloleni?" Tukacheka mpaka machozi. Ndipo nikatambua kuwa Badi anafundisha hesabu na jiografia kwa Kisomali. Zakiya, sikuwa nimesikia. Wiki nzima masikio yangu yalikuwa yanasikia hesabu tu. Mimi na wewe tulihesabishwa hivyo hivyo, serikali ya kwetu ilipotuletea wanafunzi wa mjini kutufundisha kusoma, na baada ya hapo skuli kwetu ndiyo hiyo, nyumbani Kibajuni na darasani Kisomali. Nilimwambia Badi. Akashika kichwa. "Wallahi nilidhani nasema Kiswahili," akasema. "Nikishika chaki ulimi unageuka wenyewe."

Ameahidi kujirekebisha. Leo alianza vizuri kwa moja, mbili, tatu. Alipofika kwenye kugawanya akakwama, hana maneno yake, akarudi kule kule. Tima anamtafsiria. Polepole atazoea.

Barua yako ya Januari haisemi mama anakula nini, na Badi nikimuuliza ananirudisha kwenye barua. Nijibu.

Athmani, baba Tima

*

Machimboni, Manda
Alhamisi, 6 Februari 1992

Miezi kumi na moja na siku mbili.

Zakiya,

Hukunijibu, au barua haijafika. Hii nampa Shuaibu mkononi na nimemwapisha.

Badi wamemchukua. Yuko mzima, hakupigwa. Nakuambia yote kwa mpangilio, tafadhali usiruke mistari.

Jumanne asubuhi ilikuja boti ya doria. Askari walikuwa sita. Walishuka moja kwa moja, hawakuuliza njia. Mkubwa wao alisema wameletewa habari kuwa kuna skuli ya Wasomali imefunguliwa kwa siri machimboni, watu wameisikia kutoka majini. Yaani wale wavuvi waliokuwa wakigeuka kutazama. Mimi nilidhani wanafurahia.

Walipofika mlangoni, Badi alikuwa katikati ya somo. Walisimama wakamsikiliza. Hata hakuwaona. Alipogeuka, ubao nyuma yake umejaa Kisomali. Mkubwa akamuuliza, "Mwalimu, unafundisha lugha gani?" Badi angeweza kusema yeye ni Mbajuni wa upande huu, wa Kizingitini, Kibajuni chake hakina tofauti. Lakini ubao ulikuwa umeshasema. Akajibu, "Nafundisha hesabu, afande." Kahindi aliingilia, akasema, "Huyu ni mwalimu wetu sote, na mwanangu yumo humu ndani." Askari akamwambia, "Wewe mzee huna kosa, kaa kando." Kahindi hakukaa kando mpaka waliposhika mkono wake.

Kisha wakaanza kuuliza watoto mmoja mmoja. Jina lako? Babako nani? Wa wapi? Watoto wa Kahindi wakajibu. Wa Komora Mpokomo wakajibu. Mimi nimesimama na mavumbi yangu, sina kipande, naona zamu inasogea.

Gharibu alikuwa hapo, Mungu ndiye aliyempanga. Alikuwa amekuja na mashua kuchukua mawe yake.

Wakamfikia Tima. "Jina lako?"

"Tima."

"Babako nani?"

Zakiya, nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Alinitazama. Alinitazama vizuri, kama mtu anayemtazama fundi yeyote wa mawe. Kisha akamnyooshea Gharibu kidole na kusema, "Yule pale. Gharibu wa Faza. Na huyu ni mdogo wangu." Akamvuta Ibtisam na kumkandamiza uso tumboni mwake, kwa sababu mtoto alikuwa ameshaanza kugeukia kwangu.

Askari akamuuliza Gharibu, "Ni wako?" Gharibu akasema, "Ni wangu, nimekuja kuwachukua, nyumbani wanakawia kuja." Kwa sauti ya kawaida kabisa. Askari akauliza, "Na huyu?" yaani mimi. Gharibu akasema, "Simjui vizuri, ni mkata mawe."

Wakaniuliza kipande. Sikuwa nacho. Mwenye machimbo akaitwa, akasema ana mawe ameahidi watu na mimi ndiye ninayenyoosha kingo. Wameniandikia karatasi: mwisho wa Februari nijipeleke mwenyewe kambini Mombasa, la sivyo nitafuatwa. Badi wamempeleka huko tayari. Gharibu aliondoka na watoto siku ile ile, kwa kuwa askari walikuwa bado wanatazama, na asingeweza kuwaacha watoto "wake." Sikuwaaga. Nilisimama nikapakia mawe katika mashua iliyowachukua. Nilipakia mwenyewe, nikiwa karibu na Tima kama nilivyo karibu na karatasi hii.

Jumatano Gharibu aliniletea habari: wameshapokelewa skuli ya Faza, walichelewa lakini wamepokelewa. Tima darasa la nne, Ibtisam la kwanza. Majina unayajua.

Basi limekuwa lile ulilokataza, na sikuliamua mimi. Sina la kujitetea. Lakini jambo moja linanila. Mtoto wa miaka kumi na mmoja hakusita. Ningemwona anasita ningefarijika. Nani alimfundisha kunitazama hivyo? Ni Gharibu? Kama ni Gharibu, alianza lini kuwaandaa wanangu? Au niliwapikisha na kuwachosha mno mpaka wakaona afadhali? Niambie wewe, unamjua kunishinda.

Skuli tumeiacha na kuta zake. Kahindi anasema hataibomoa.

Athmani

*

Darakasi
Jumamosi, 15 Februari 1992

Kwa Baba Tima,

Ni mimi.

Usimtuhumu Gharibu, na mtoto usimuulize kitu. Yale maneno niliyompa Badi, ya mama na binti yake, yalikuwa haya: "Akija mtu yeyote mwenye sare, wewe na mdogo wako ni watoto wa Gharibu wa Faza. Usimtazame babako kama babako. Ukilia, lia baadaye." Nilimwambia Badi amrudishie mpaka ayaseme bila kupepesa. Kama hakusita, basi alijifunza, na mimi ndiye mwalimu.

Utaniuliza mbona nilikataa Novemba, kisha nikafanya hivi Januari nyuma yako. Novemba mama alikuwa hai.

Mama alifariki tarehe kumi na tisa Desemba, Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri. Tulimzika kabla ya alasiri kwa haraka, kwa kuwa boti ya wenye bunduki ilionekana. Watu wanne walibeba jeneza, wengine walikuwa wamejificha mikokoni. Nilisimama pale nikaona kuwa watu wanaoweza kusema "Tima ni wa Athmani" wanapungua. Wewe uko kwenye mawe, mimi niko huku, mama chini. Nikauliza nafsi yangu, jina linamfaa nini mtoto asiyekuwa na wa kumwita? Nikaona heri waishi kwa jina la mwingine kuliko wapotee na la kwao.

Sikukuambia kifo cha mama, na Badi nilimwapisha asikuambie, kwa sababu ungeacha kila kitu ukaja, na watoto wangebaki na nani. Nilisema kifua hakimsumbui tena. Sikusema uongo, lakini nilijua utakavyoelewa.

Na la Tima sikukuambia kwa sababu wewe uongo huuwezi. Tangu nikujue, ukificha jambo linakaa usoni kama chapa. Ungejua, siku ile ungemtazama Gharibu, ungemtazama Tima, ungekohoa, na askari si kipofu. Nilitaka ushangae kweli. Inaonekana ulishangaa. Nisamehe kwa hilo peke yake, mengine siombi msamaha.

Lakini nilipofika pale uliposema ulipakia mawe katika mashua yao, nilikiweka kando kikaratasi nikatoka nje.

Sasa nyumba ni mimi na paka wa Mwanalima. Wiki iliyopita wenye bunduki walikuja tena, wakaniuliza mume wangu yuko wapi. Nikawaambia amekwenda msikitini, anarudi sasa hivi. Wakaondoka. Siwezi kuwaambia hivyo kila mara, watu wanajua msikiti wetu ulipo.

Zakiya

*

Machimboni, Manda
Jumatano, 26 Februari 1992

Leo ni miezi kumi na moja na siku ishirini na mbili tangu niondoke.

Kwa mke wangu Zakiya,

Mungu amrehemu Bi Barke. Nimemsomea, na Kahindi, asiyejua hata mwanzo wa dua, alikaa nami mpaka nikamaliza.

Sikukasirika. Nilikasirika nusu siku, nikakata mawe mengi kuliko kawaida, ikaisha. Umenijua vizuri mno, hilo ndilo linaloniuma. Ningejua ningekohoa.

Jumatatu nilikwenda Faza. Gharibu alinipeleka skuli mwenyewe, akamwambia mwalimu, "Huyu ni ami yao wa upande wa Kiunga, anapita." Walimwita Tima atoke. Alisimama mbele yangu amevaa sare, shati la buluu, limemzidi mabega. Akanishika mkono kwa adabu. "Shikamoo, ami." Nikaitikia. Mwalimu akamsifu, akasema katika hesabu hakuna wa kumfikia, ila Kiingereza bado anapapasa. Nikasema, "Nitamwambia babake." Lilinitoka vizuri tu. Nimeanza kujifunza, Zakiya.

Ibtisam anakasirika akiitwa jina la skuli. Mwalimu wake anasema huitika, ila hukawia, na wenzake hucheka. Nyumbani kwa Gharibu alinipanda mapajani hakushuka. Mke wa Gharibu anawasuka vizuri, na hawalali na njaa. Tima alinisindikiza mpaka pwani. Hapo hakukuwa na mtu. Aliniita baba mara nyingi, moja baada ya nyingine, bila kuwa na la kuniambia, kisha akarudi mbio asichelewe somo la mchana.

Nililolifanya kwa ajili yako ni hili. Nilimwomba Gharibu aje nami kwa khatibu wa pale, na mbele ya watu wawili wazima aape kuwa wasichana ni wa Athmani Famau na Zakiya wa Darakasi, na kuwa hana mamlaka ya kuwaoza. Aliapa, wala hakununa. Alisema, "Ningekuwa wewe ningetaka mashahidi wanne." Khatibu ameandika na kuweka katika sanduku la msikiti. Basi skuli ina karatasi yake na msikiti una yake.

Muda wangu hapa unaisha Jumamosi, mwisho wa mwezi. Kambini sitakwenda peke yangu. Nakuja kukuchukua; barua hii inatangulia kwa chombo kingine. Shuaibu amekubali kutupitisha wote wawili, mradi mwanamume wako awe chomboni, na mradi tupite mapema kabla ya mwezi kuandama, maana mwezi wa Ramadhani hapendi kuwa baharini. Atatumia mashine, kaskazi inatukabili kwenda na itatusaidia kurudi. Usibebe kitu isipokuwa nguo na kile kitabu cha dua alichoacha mama. Tutashuka Lamu, tutapanda gari mpaka Mombasa, tutaingia kambini kwa miguu yetu. Badi yuko huko, ameniandikia kuwa amepewa darasa la watoto hamsini na anafundisha hesabu.

Sasa jambo la mwisho, na hili ulishike. Mlangoni pa kambi kuna meza. Wanaandika jina, jina la mume, kijiji, kisha wanauliza mna watoto wangapi. Tukisema wawili, watauliza wako wapi, na watakwenda kuwatafuta wawalete tulipo, na skuli ya Faza itaisha siku hiyo. Tutasema hatuna. Wewe utalisema bila kupepesa, nakujua. Mimi nimekuwa nikilisema peke yangu huku nakata, kwa sauti, mpaka Kahindi akadhani nimeanza kurukwa na akili. Bado halijanyooka. Njiani tutalisema pamoja.

Tunang'oa nanga Jumapili alfajiri, tutalala Kiunga siku mbili. Nikisimamishwa njiani, na siku ya Ijumaa ikapita sijatokea, usiningoje tena. Shuaibu akifika bila mimi, mwambie ni wasia wangu akuchukue, uende Faza kama shangazi yao, mmoja wetu awe upande huu. Lakini sitarajii hivyo. Natarajia kufika Darakasi Jumanne, tarehe tatu Machi, maji yakijaa, siku moja kabla ya kutimia mwaka.

Athmani Famau